Wokovu wa Kinanda na Ufunguo wa Stoo

Kinanda alikuwa amemaliza watu wa kutapeli. Mji haukuwa mdogo, ila yeye alikuwa ameufanyia kazi kwa bidii, na sasa hakukuwa na mlango aliobisha ukafunguka. Wenye maduka wakimwona mwanzo wa barabara walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli huko nyuma. Wenye hoteli walimdai hela ya chai kabla hajaketi. Hata kinyozi wake, mtu mpole asiyejua kugomba, alikuwa akimnyoa upande mmoja wa kichwa, anasimama, anapokea malipo, ndipo anahamia upande wa pili.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti. Ukimgusa kidogo tu, anaimba. Aliwahi kumuuzia mtu mabati ya nyumba ya mtu huyohuyo, na mnunuzi akashukuru kwa kupunguziwa bei. Lakini hizo zilikuwa enzi zake. Sasa alikuwa anakaa kwenye chumba cha uani kwa dada yake mkubwa. Dada alimvumilia kwa ajili ya marehemu mama yao, shemeji alimvumilia kwa ajili ya dada, na uvumilivu wa shemeji ulikuwa umefika kwenye mashapo.

"Huyu kaka yako anaondoka lini?" shemeji aliuliza asubuhi moja, akiwa amesimama kabisa nje ya dirisha la Kinanda, ili swali lisipotee njiani.

"Mwisho wa mwezi," dada akajibu. "Nimeshamwambia. Asipopata kazi ya maana, aende anakokujua."

Kinanda aligeukia ukutani. Kazi ya maana alikuwa nayo. Kilichokosekana ni watu wa kuifanyia.

Siku hiyo alipeleka vanishi kwenye yadi ya mafundi, nyuma ya maghala ya zamani. Vanishi yake ilikuwa nusu vanishi, nusu chai ya rangi, na mafundi walijua hivyo, ila waliinunua kwa ajili ya wateja wasumbufu. Yadi ilikuwa na kila aina ya fundi. Mwanzoni alikaa mchomeleaji wa mageti, mtu mwenye kifua kipana, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Alifuata seremala, kisha mama wa rangi, na mwishoni kabisa, peke yake, fundi makochi. Katikati ilisimama stoo ya tofali yenye mlango wa chuma. Kila jioni mafundi waliingiza humo vifaa vyao vyote: mashine, drili, misumeno ya umeme, kompresa, cherehani za kushonea ngozi. Mlango ulikuwa na kufuli moja, na kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Spika.

Mama Spika aliuza misumari, skrubu na gundi. Alikuwa mlokole, tena si wale wa kuokoka kimyakimya. Kila mchana, watu wakikaa kula, aliwasha spika yake na kuwaeleza moto wa jehanamu ulivyo, kwa undani, kama mtu aliyetoka kuupima. Mafundi walimchukia kwa moyo wote. Walimwita kelele, walimwita kero, seremala alikuwa amewahi kumkatia waya wa umeme mara kadhaa. Lakini hakuna aliyewahi kuomba ufunguo uondoke shingoni mwake.

Sasa siku hiyo Mama Spika alikuwa ametangaza kwamba anasafiri. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua huko mbali. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye mbao za seremala, wanabishana.

"Ufunguo nipeni mimi," seremala alisema.

"Wewe?" mchomeleaji akacheka. "Wewe ukilewa unagawa hata shati ulilovaa."

"Basi mama wa rangi."

"Mama wa rangi ana wana wanne wa kiume nyumbani," mama wa rangi akajisemea mwenyewe. "Nawapenda, lakini siwezi kulala mlangoni kuwazuia."

Jina lililobaki halikutajwa. Kule mwisho, fundi makochi alikuwa anagonga misumari midogo kwenye mguu wa kochi, mingine akiwa ameishika kwa midomo, na hakuinua macho. Mwaka uliopita Mama Spika alikwenda kwenye mkutano wa injili, akamwachia yeye ufunguo. Aliporudi, mashine kubwa ya mchomeleaji haikuwepo. Kufuli zima, mlango mzima, mashine hakuna. Hakuna aliyethibitisha kitu, lakini tangu siku hiyo fundi makochi alikuwa anakula peke yake.

"Nawaambieni," mchomeleaji alisema, "ufunguo lazima ushikwe na mlokole mwingine. Siwapendi, mnanijua. Mtu anakusalimia, kabla hujaitika anakuuliza ukifa utakwenda wapi, na wewe hujui hata mchana utakula wapi. Lakini hawaibi. Mlokole akiokota msumari wako anautangaza mpaka unaona haya kuudai."

"Tatizo tutampata wapi? Humu ndani wote tumeoza," seremala akasema.

Kinanda alikuwa amesimama pembeni na dumu lake la vanishi. Aliliweka chini polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye urithi. Aliitazama stoo. Akauona mlango wa chuma, akauona kwa ndani, akaona na lori dogo limerudi kinyumenyume mpaka kizingitini.

Aliokoka siku ya Jumanne, baada ya chai.

Mtu asidhani ni kazi rahisi. Kinanda aliifanya kama fundi anayejiheshimu. Alinunua shati jeupe la mikono mirefu, akafunga kifungo cha juu kabisa mpaka mishipa ikatokeza. Akatafuta Biblia ya mtumba iliyochakaa, kwa sababu mpya ingemtangaza. Kisha akatoka kwenda kuwakera watu.

Alianzia kwa kinyozi. "Ndugu yangu," alisema, shingo ikiwa kwenye kitambaa, "ukifa saa hii, na mkasi wako mkononi, utakwenda wapi?" Wateja wengine walitazamana kwenye kioo. Mmoja akakumbuka kwamba nywele zake bado fupi, akaondoka. Kinyozi akamnyoa Kinanda kichwa kizima kwa mara moja, mbio, bila kudai chochote, na akamfungulia mlango mwenyewe.

Akaenda zahanati, akasimama mbele ya foleni ya wagonjwa.

"Wapendwa, mnatafuta dawa ya mwili. Je, ya roho?"

"Jamani, wewe umetoka wapi?" mwanamke mmoja mnene, aliyejifunga kitambaa kichwani, akamfokea. "Mtu nimekuja na homa yangu, naomba nife nayo kwa amani! Kila mahali nyinyi, kila mahali! Mmeokoka, hongera, si mkae kimya sasa?"

Watu wakamshangilia. Mzee mmoja akampigia makofi. Kisha mlango ukafunguliwa, jina la yule mwanamke likaitwa, akasimama akiwa na mkoba mkubwa na mwavuli na sweta. Akaitazama foleni yote, mtu kwa mtu, wale wote waliomshangilia. Halafu akamgeukia Kinanda.

"Nishikie," akamtupia vyote. "Wewe si mlokole?"

Kinanda alibaki ameukumbatia mkoba ule. Kwa miaka yote alikuwa akijipendekeza kwa watu ili wamwamini. Alikuwa ameimba, amechekesha, amesifu watoto wabaya. Kumbe njia ilikuwa kuchukiwa! Hakuufungua mkoba. Wallahi ulimtesa, lakini alijizuia, kwa sababu alikuwa na stoo nzima kichwani.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Alianza sala kabla jogoo hajafikiria.

"Kaka," dada yake alimwambia, kanga ikiwa begani na macho yamevimba, "ulipokuwa mwizi, angalau tulikuwa tunalala."

"Mimi namuona heri alipokuwa anaiba," shemeji alisema. Lakini jioni ile shemeji aliivua saa yake, akaiacha juu ya meza ya sebuleni, akaenda kuoga. Hakuwahi kufanya hivyo tangu Kinanda aingie nyumba ile.

Basi, alipoona ameiva, akaenda yadi. Mama Spika alikuwa anapima skrubu kwenye mizani.

"Mama, Bwana asifiwe."

Mama Spika akadondosha skrubu. Alimtazama kuanzia kifungo cha juu hadi kwenye viatu, machozi yakaanza kumtoka. "Nilikuombea," alisema. "Kila ulipokuja na ile vanishi yako chafu nilikuombea, nikasema, Bwana, hata huyu. Hata huyu!"

"Hata mimi, mama," Kinanda akasema, na akainamisha kichwa kama inavyotakiwa.

"Utatoa ushuhuda Ijumaa. Mchana. Kwenye spika. Yadi yote ikusikie. Halafu mambo ya ufunguo tutaongea, maana nasikia kuna watu wanamtafuta mtumishi."

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Mlokole bila ushuhuda ni kama mganga bila tunguri, na Kinanda alijua kwamba mtu anavyokuwa mchafu zaidi ndivyo ushuhuda wake unavyonoga. Yeye kwa uchafu hakuwa na wasiwasi.

Ijumaa mafundi walikaa na sahani zao. Hawakuja kusikiliza, walikuja kula, ila spika haichagui. Kinanda akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo, akaanza.

"Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu mwovu."

"Tunajua!" seremala akaitika, mdomo umejaa. "Twende mbele."

"Nilichanganya vanishi na chai ya rangi."

"Hiyo nayo tunajua! Lile kabati la mteja wangu linanata hadi leo. Paka alilala juu yake, walimtoa kwa kisu."

Vicheko. Kinanda akapandisha sauti. "Nilidanganya wajane! Nililewa! Niliuza mabati yasiyo yangu!"

"Huyu naye," mama wa rangi alimwambia jirani yake, bila kushusha sauti, "dhambi zenyewe ndogondogo. Mume wangu ana zaidi ya hizo na anaimba kwaya."

Mchomeleaji alikuwa ameshaanza kusafisha sahani yake ainuke. Na hapa tuseme ukweli: tamaa haikumponza Kinanda. Kilichomponza ni maringo ya kazi. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu wakaondoka. Mama Spika naye alikuwa nyuma yake, amemwekea mkono mgongoni, anapiga kelele: "Funguka, mwanangu! Kuna neno limekukwama kooni! Litoe!"

Kinanda akalitoa.

"Mashine ya kuchomelea," alinong'ona kwenye kipaza sauti.

Vijiko vikasimama. Kule mwisho, misumari ilimdondoka fundi makochi mdomoni, mmoja mmoja.

"Mashine gani?" mchomeleaji akauliza.

"Yako, kaka. Ile ya mwaka jana. Ni mimi."

"Wewe uliingilia wapi? Kufuli lilikuwa zima."

"Dirisha la nyuma."

"Dirisha la nyuma lina nondo."

"Nilikuwa mwembamba, kaka," Kinanda alisema kwa huzuni. "Dhambi inakondesha."

"Na mashine ilipitaje?"

"Niliifungua. Kipande kwa kipande. Kwa usiku ule, na shetani akinishikia tochi."

Hakuna aliyecheka. Mchomeleaji, lile jitu, midomo ilianza kumcheza. Alisimama, akaja mpaka mbele, akamshika Kinanda mabega, na kila mtu akadhani anampiga. Akamkumbatia. Alilia kama mtoto, akampaka Kinanda mchuzi kwenye shati jeupe. Mama wa rangi akalia. Hata seremala alijifuta kwa nguo ya kupigia msasa, akajikwaruza jicho. Kinanda, akiwa amebanwa kifuani mwa yule mtu, aliona ni ushuhuda mzuri kuliko wote aliowahi kuusikia.

"Bwana asifiwe!" Mama Spika akachukua kipaza sauti. "Amina! Na sasa, ndugu, mashine utairudisha lini?"

Kinanda akatoa kichwa kwapani mwa mchomeleaji. "Kuirudisha, mama?"

"Ndiyo."

"Iliuzwa, mama. Mbali sana. Lakini damu imenisafisha..."

"Imekusafisha wewe. Mashine bado haijarudi. Aliyeokoka hurudisha, mwanangu, hiyo ndiyo alama yetu. Mimi nilipookoka nilimrudishia jirani sufuria niliyoiazima nikiwa mwali. Alikuwa ameisahau kabisa, akanitukana kwa kumkumbusha. Lakini nilirudisha! Ukirudisha, ufunguo huu ni wako."

Kinanda alikuwa hajui jambo hili. Alikuwa amesoma nyimbo, amesoma jinsi ya kupepesa macho kwenye sala, lakini wokovu wenye bili mwishoni hakuna aliyemwambia. Akapiga hesabu haraka. Mashine moja. Upande wa pili, stoo nzima. Jumamosi aliuza pikipiki yake, kitu pekee alichowahi kukinunua kwa haki, akapata mashine iliyotumika, akaileta yadi kwenye mkokoteni, akiimba.

Hilo lilikuwa kosa lingine. Yadi iliona kwamba anarudisha kweli.

"Ndugu," seremala alimvuta pembeni, "na ile drili yangu?"

"Drili gani?"

"Uliyoiba."

"Sikumbuki kuiba drili, ndugu."

"Ndiyo maana nakukumbusha. Au unataka nimwambie Mama Spika umebakiza dhambi?"

Seremala hakuwahi kumiliki drili tangu azaliwe. Alirudishiwa drili. Mama wa rangi akakumbuka ngazi ya aluminiamu. Fundi wa vioo, ambaye hata si wa yadi ile, alipita tu njia akasikia habari, akakumbuka koti la suti la rangi ya kijivu, na akalitambua mara moja, kwa sababu Kinanda alikuwa amelivaa. Akavuliwa palepale. Simu ikaenda. Kitanda kikaenda, akabaki analala kwenye gunia. Aliona kazi yake mwenyewe inafanywa na watu wasio na ujuzi wowote, bila matayarisho, bila hata kupamba maneno, na inafanywa vizuri. Kila walipochukua walimwambia "ubarikiwe", na yeye alitakiwa kusema amina. Alisema. Stoo, alijiambia. Mpaka jioni ya kupewa ufunguo, Kinanda. Vumilia.

Siku ya safari ikafika. Mama Spika alikuwa amefunga mizigo yake kwenye shuka, spika juu yake. Yadi yote ikakusanyika mbele ya stoo. Akavua ile kamba shingoni.

"Namkabidhi ndugu yetu," alisema. "Aliyekuwa mwizi, na ameacha."

Kinanda akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Hata katika hali ile alikuwa na haki ya kujivunia mkono wake.

"Subiri kidogo, mama," mchomeleaji akasema.

"Nisubiri nini? Mliomba mlokole. Huyu hapa."

"Ndiyo. Na tunaamini ameokoka, hakuna anayebisha. Hapo ndipo penye shida." Mchomeleaji alijikuna kidevu, akitafuta namna ya kulisema bila kuumiza. "Angekuwa bado tapeli, tungesema labda anatudanganya, labda hakuiba. Lakini mlokole hasemi uongo. Na huyu amesema mwenyewe, kwenye spika, kwamba alipita kwenye dirisha la nondo na akatoka na mashine nzima. Mama, mtu wa hivyo dirisha tu lilimtosha. Leo tumpe mlango?"

"Mungu ameshamsamehe!"

"Mungu hana kifaa humo ndani, mama," mama wa rangi akasema.

Mama Spika alitazama nyuso zile. "Nyinyi ni watu wabaya," alisema taratibu, bila spika, na ilikuwa mara ya kwanza kwao kumsikia vizuri. "Mnatucheka tukisema, na mnatutumia tukinyamaza. Huyu mimi namwamini. Mimi peke yangu, sawa, lakini namwamini."

Kinanda alitazama chini. Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa anamwamini, na ndiye ambaye Kinanda mwenyewe alimcheka moyoni kuliko wote. Jambo hilo lilimgusa kidogo, ila si kwa muda mrefu, kwa sababu mchomeleaji alikuwa ameanza kutembea kuelekea mwisho wa yadi.

"Kuna mtu humu tulimkosea," alisema. Akafika mbele ya fundi makochi. "Mwaka mzima, ndugu yangu. Salamu yako sikuitika. Mke wangu alikataa kukalia kochi lako. Na kumbe mwizi alikuwa mwingine. Nisamehe."

Fundi makochi aliweka nyundo chini. Alichukua kipande cha sponji, akajifuta nacho jicho moja, kisha la pili. "Mimi sina kinyongo," alisema kwa sauti iliyovunjika mahali panapotakiwa. "Nilijua siku moja ukweli utasemwa."

Kinanda aliisikia sauti ile, nywele zikamsimama. Hakuna mtu mwingine pale aliyeweza kuijua. Ilikuwa kazi safi. Kinanda ndiye mtu pekee duniani, ukimwondoa mwizi mwenyewe, aliyejua kwa hakika kwamba ile mashine hakuiiba yeye. Fundi makochi, huku akivalishwa kamba ya ufunguo shingoni na watu wakipiga makofi, alimtazama kwa mbali, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemshukuru aliyemlipia nauli.

Watu walipotawanyika Kinanda akamfuata kwenye kibanda chake.

"Tugawane," alisema.

"Tugawane nini, mpendwa?"

"Usiniite mpendwa. Nakujua."

"Unanijua mimi? Mwizi wa mashine ni wewe, ulijitangaza mwenyewe." Fundi makochi akatia misumari mdomoni, akaendelea kusema kupitia pembeni. "Uliponisafisha jina sikukutuma. Lakini nakushukuru. Nitakuombea."

Kinanda akatoka mbio kwa mchomeleaji, aliyekuwa anamfungia Mama Spika mzigo.

"Kaka, sikiliza. Ile mashine sikuiba mimi."

"Hee?"

"Sikuiba. Nilisema uongo. Fundi makochi ndiye aliyeiba, na sasa mmempa ufunguo!"

Mchomeleaji akamtazama kwa huruma. "Na ile uliyonirudishia ilikuwa ya nani?"

"Niliinunua!"

"Mtu anunue mashine, amrudishie mtu ambaye hakumwibia. Ndugu yangu, unajisikia unavyosema?"

"Pepo!" Mama Spika akatupa mzigo. "Pepo la kukana! Limeona jina la ndugu limesafishwa, limekuja kulichafua! Mshikeni!"

Wakamshika. Seremala alikalia miguu. Mama Spika aliahirisha gari la kwanza, akamwekea mikono kichwani, akakemea kwa spika mpaka betri ikaanza kulia. Kila Kinanda aliposema "ni kweli", walisema "linabisha", wakaongeza nguvu. Mwishoni, akiwa na vumbi la mbao mdomoni, aliona njia ni moja.

"Limetoka," alisema.

"Haleluya!" yadi yote ikaitika, hata wale waliokuwa hawajawahi kulitamka neno hilo.

Mama Spika akasafiri. Jumapili, jua likiwa utosini, fundi makochi alileta lori, akatangaza kwamba stoo ina mchwa, lazima ipuliziwe dawa, vifaa vitoke vyote. Mafundi wakamsifu. Huyu anajali, walisema, Mama Spika hakuwahi kuwaza mchwa. Wakavua mashati wakamsaidia kupakia. Mchomeleaji mwenyewe alishika upande mmoja wa mashine yake, akasema "polepole, polepole, isigonge," akaifunga kamba vizuri ili isiyumbe njiani. Seremala alipandisha drili yake mpya. Lori likaondoka, wakalipungia mkono.

Jumatatu, ilipofika saa ya chakula na stoo bado iko tupu, hawakwenda kumtafuta fundi makochi. Walikwenda kwa Kinanda.

"Ungetuambia!" mchomeleaji alinguruma, akiwa amejaa kwenye mlango wa chumba cha uani.

"Niliwaambia!"

"Ulituambia kama pepo! Ungesema kama mtu!"

Ngumi ikatua. Dada alipiga yowe, shemeji akaja kutazama, akarudi sebuleni kuvaa saa yake.

Basi hesabu ni hii. Yadi ilipoteza mashine zote za kuchomelea, kompresa, misumeno ya umeme, cherehani za ngozi, ngazi ya aluminiamu na drili ya mtu asiyewahi kuwa na drili. Mama Spika alipoteza wateja, maana walisema yeye ndiye aliyeondoka. Kinanda alipoteza pikipiki, simu, koti la suti, kitanda, na chumba kwa dada yake, bila hata mwisho wa mwezi kungojwa. Na jino moja la mbele, la juu, upande wa kushoto.